Bega la Mtani Wangu

Kazi yangu jeshini ilikuwa sauti. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia nilikuwa mwanajeshi huniuliza habari za bunduki, na mimi bunduki sikuishughulikia sana. Nilikuwa mwalimu wa kwata. Kila asubuhi, jua likiwa halijawa kali, nilisimama kwenye uwanja wa changarawe katika kambi moja si mbali na Ngerengere, nikawafundisha vijana kutembea. Walikuja wakiwa wanajua kutembea, kila mmoja kwa mwendo wa kwao. Mimi niliwasahaulisha mwendo huo, kisha nikawafundisha upya. Sauti yangu ilifika ng'ambo ya uwanja bila kipaza sauti, na miguu yote ikapiga chini kama mguu mmoja. Raha ile sijaipata mahali pengine. Siku ya kustaafu walinipa mkono na cheti, nikapanda gari kurudi nyumbani, na njia nzima nilijiuliza jambo moja tu: huko ninakokwenda, ni nani anayehitaji kugeuzwa kulia?

Nyumbani ni Mgeta, katika nyumba niliyoijenga vipande vipande, likizo baada ya likizo, kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Watoto wangu ni wa ukoo wa mama yao, shamba ni la ukoo wa mama yao, na mimi niliyenunua kila bati la paa lile ni mgeni anayeheshimiwa. Zamani hilo halikunisumbua. Nilikuwa nakuja na sukari na kitenge, nakaa kidogo, naondoka watu wakiwa bado wananitaka. Sasa nilikuwa nimekuja na sanduku la bati lenye vitu vyangu vyote, na sikujua niliweke wapi.

Mke wangu alikuwa na utaratibu wake. Matuta yake kwenye mteremko aliyajua kama mtu anavyojua vidole vyake: hapa karoti, pale njegere, kule chini karibu na maji kabichi. Nilipomfuata shambani nilikuwa najikwaa. Basi nikabaki nyumbani kutafuta cha kupanga. Siku moja nilisimamisha majembe yote ukutani kwa urefu, kutoka refu kwenda fupi. Akarudi, akasimama mlangoni akiyatazama.

"Baba watoto, jembe langu fupi liko wapi?"

"Mwisho wa mstari. Si ndilo fupi?"

"Huwa linakaa hapa mlangoni kwa sababu ndilo ninalotoka nalo." Akalichukua. "Hili nimeshalistaafisha jeshi. Lina kazi."

Alicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilichomwa. Nilihitaji kazi. Sikuihitaji kwa sababu ya njaa, maana njaa haikuwepo. Nilitaka nikiulizwa na mtu njiani, "Unaelekea wapi, mzee?" niwe na jibu.

Nikashuka Morogoro mjini kutafuta. Nilivaa shati la mikono mirefu, nikabeba bahasha ya vyeti, nikapita mlango kwa mlango. Kila nilipotamka neno jeshi, macho ya mwenye ofisi yalikwenda dirishani, kwenye geti. "Tunahitaji mlinzi," walisema. Au, "Mlinzi tunaye tayari, labda mwezi ujao." Nikieleza kwamba mimi sikuwa mlinzi, kwamba nilikuwa mwalimu, waliniuliza nilifundisha somo gani. Jibu la swali hilo lilinipa tabu kila mara. Mwalimu mkuu mmoja alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akaniambia watoto wake wanajipanga mstarini vizuri tu na kengele inatosha.

Siku hiyo hiyo, nikikatiza mtaa wa maduka, niliona geti la ghala la vifaa vya ujenzi, mali ya familia ya Kihindi ya pale mjini. Getini alikuwa amekaa mzee mwenye sare ya kijani isiyomtosha mabegani, kirungu mapajani. Nilikuwa nampita nilipoona masikio yake, nikamtambua. Alikuwa mkubwa wangu kambini kwa miaka mingi, mtu ambaye akikohoa tu kikosi kizima kilikuwa kinajikagua vifungo. Kabla sijafikiri, visigino vyangu viligongana na kifua kikatoka mbele.

"Acha, acha!" alisema chinichini, akitazama huku na huku. "Mguu pande, bwana. Watu wanatuona."

Nikalegeza. Gari likapiga honi, akainuka akafungua geti, dereva akapita bila kumtazama. Akarudi kukaa.

"Wananiita Babu Geti," alisema. "Mwanzoni niliwakatalia."

"Na sasa?"

"Sasa naitika." Alinitazama viatu, ambavyo nilikuwa nimevipiga rangi vikang'aa. "Tajiri hapa anatafuta wa kupokezana na mimi. Ni mtu mzuri, hana matusi. Nikushikie nafasi?"

Nikamwambia nitafikiri. Akasema ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Tulipoagana alinipa mkono, na mimi sikujua niutikise au niuache utulie, kwa sababu kwa miaka yote ile hatukuwahi kupeana mikono. Nilipanda gari la Mgeta kichwa kikiuma. Sikuwa namdharau mzee yule. Naandika haya ili nisieleweke vibaya. Nilichokiogopa ni ule ukimya wa getini: kukaa na sauti yangu kooni mpaka ikauke, huku nikiitika jina lisilo langu.

Kazi niliyoipata haikutokana na bahasha. Kule Mgeta malori hupanda kuchukua mboga za soko la Dar es Salaam, na lori likichelewa kuondoka, kabichi inafika imelegea na mnunuzi anaikataa. Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye wapakiaji wote walimwita Tajiri, alikuwa analalamika kwa mke wangu kwamba watu wake wanapakia wakipiga soga, huyu anakaa, yule anaanza, na lori linaondoka jua limeshakuwa kali. Mke wangu akamwambia, "Mimi ninaye mtu nyumbani anayepanga hata majembe."

Tajiri akaja kuniona. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye simu mbili.

"Unaweza kuwafanya watu wanyooke?"

"Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, mama."

"Basi nakujaribu. Lori langu likiwahi mpaka mwisho wa mwezi, kazi ni yako. Likichelewa, mzee wangu, tusilaumiane."

Mwisho wa mwezi. Siku ile ile ambayo nafasi ya getini ingefungwa. Nikaona kwamba njia mbili zimekutana, na nikaingia kazini kama mtu anayeingia vitani, jambo ambalo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Wapakiaji walikuwa wanaume wa rika mchanganyiko. Wengi walikuwa Waluguru wa palepale, isipokuwa mmoja, Mnyamwezi, aliyefika zamani kufuata kazi, akaoa huku na kubaki. Umri wetu ulikuwa karibu sawa. Alikuwa na mabega mapana kuliko mlango wangu wa jikoni, na hakuna aliyeweza kumfikia kwa kubeba lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanavimba shingo. Alikuwa hana cheo chochote, lakini wenzake walianza akianza na kukaa akikaa.

Nikawapanga mstari kutoka kwenye mizani mpaka kwenye lori. Nikawapa mwendo. Gunia linapokelewa, linapita, linapanda, bila mtu kuvuka njia ya mwenzake. Siku ya kwanza ile lori liliondoka mapema mpaka dereva akaniuliza kama kuna kitu kimesahauliwa. Nilijiona nimezaliwa upya.

Ila yule Mnyamwezi alikuwa hafungi mdomo.

"Nyapara!" aliniita, gunia likiwa begani. "Nipe shikamoo yangu."

"Fanya kazi."

"Mmesikia, jamani? Mluguru wangu amenikatalia shikamoo! Mimi niliyemnunua kwa kibaba cha mtama!"

Wenzake wanacheka, mstari unayumba. Nami nilijua ni utani. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, hilo nililijua tangu utotoni. Nilimwona mjomba wangu akitukanwa na watani wake na akiwatukana, kisha wakala sahani moja. Hata jeshini utani ulikuwepo, lakini kwangu ulikuwa unaishia nje ya uwanja. Ndani ya uwanja mtu aliyecheka alizunguka akikimbia mpaka kicheko kimwishe. Kwa hiyo nilikuwa nalijua neno, ila ulimi wangu ulikuwa umesahau kulijibu. Mtu anakuita mtumwa wake mbele ya watu unaowasimamia, na unatakiwa umwambie nini? Kila jibu lililonijia lilikuwa amri. Nikawa nanyamaza na kukunja uso. Naye, kama kawaida ya mtani anayenyimwa jibu, akawa anazidisha.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha, na lori halijachelewa hata siku moja, mjomba wangu alipofariki.

Mjomba kwetu ndiye mtu. Yeye ndiye aliyenilea baada ya kaka zangu kutawanyika, ndiye aliyenilipia shule ya sekondari, na ndiye aliyenipa ruhusa ya kuingia jeshini ingawa alitaka nibaki. Alikuwa anatembea akichechemea kwa sababu ya nyonga. Nilikuwa nimerudi miezi michache tu kabla ya hapo, na nilikuwa nimemtembelea mara chache kuliko inavyostahili, nikijiambia kwamba nikishapata kazi nitakwenda nikae naye vizuri, nikiwa na la kumweleza. Sasa niliitwa kuchimba kaburi lake.

Watani walikuja, kama inavyotakiwa. Mtani wangu wa malori alikuja mbele yao. Nilipofika uani nilimkuta amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika mkongojo wake, anachechemea kuzunguka jiko la msibani akionja ubwabwa na kulalamika hauna chumvi kwa sauti ileile ya mjomba. Wanawake waliokuwa wakilia waliacha, wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Shangazi mmoja alimpiga na mwiko. Mke wangu naye alicheka. Mimi nilisimama pale nikiona mjomba wangu anatembea na si yeye, na kitu kikawa kinapanda kifuani ambacho sikukipatia jina. Ningelia, pengine ningepona. Lakini sikulia.

Tukabeba jeneza mpaka makaburini, shehe akiwa mbele. Tulipofika, mtani alikuwa ametutangulia. Alikuwa amelala ndani ya kaburi, chali, kofia ya mjomba usoni.

"Nyumba hii ina mtu," alisema kutoka chini. "Tafuteni nyingine."

Watu wakacheka. Mwanaukoo mmoja akatupa sarafu. Mtani akaitupa nje. "Mnanipa hii, kwani mnazika kuku?" Shehe aliangalia pembeni, akitabasamu kwa mbali, akisubiri yaishe, kwa sababu huwa yanaisha. Mtu anatoa kidogo, mtani anapanda, maziko yanaendelea.

Kisha aliniona. Akakaa mle kaburini, akapiga saluti.

"Nyapara amefika! Gwaride la maiti, mguu sawa! Mjomba, kulia geuka, unachelewesha lori!"

Hapo ndipo sauti ilipotoka. Sikuiita. Ilitoka yote, ile ya uwanjani, ambayo tangu nistaafu nilikuwa sijaitumia hata mara moja, na ikaenda ikagonga mlima wa pili ikarudi.

"TOKA HUMO! HIYO NI AMRI!"

Mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake akaanza kulia. Mtani alinitazama kutoka chini, bado anatabasamu nusu, kama mtu anayesubiri kusikia sehemu ya kuchekesha. Mimi nikaruka ndani, nikamshika mkono, nikamvuta juu kwa nguvu zangu zote. Alikuwa amekaa vibaya, mguu ukamteleza kwenye udongo mbichi, uzito wake wote ukabaki kwenye mkono niliokuwa nimeushika. Nilisikia bega likitoka mahali pake. Lilikuwa na mlio, mdogo tu.

Hakupiga kelele. Alipanda mwenyewe kwa mkono mmoja, akavua koti la mjomba, akalikunja, akaliweka juu ya udongo. Akaondoka. Watani wengine wakamfuata, na tukamzika mjomba wangu bila mtani hata mmoja, katika ukimya ambao wazee walikuwa hawajawahi kuuona.

Nyumbani mke wangu hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alikaa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Umemkasirikia mtani," alisema hatimaye, kama anayesoma habari ya mbali. "Msibani."

"Alimtukana mjomba."

"Mjomba wako alikuwa anamsubiri. Walishaahidiana, atakayetangulia mwingine atamkalia kaburini. Hata koti lile alimwambia mwenyewe alivae."

Sikuwa najua. Sikuwa nimekwenda kukaa na mjomba nikasikia mambo hayo.

Tajiri alinipigia simu. Habari ilikuwa imemfikia. Bega lilikuwa limerudishwa na mganga wa zahanati, alisema, lakini mtu wake hodari hawezi kubeba, na wenzake wamesema hawapakii wakiwa chini yangu. "Kesho ni lori la mwisho la mwezi," akasema. "Mimi sijui mambo yenu ya utani, mzee wangu. Mimi najua kabichi."

Basi jioni nikachukua jogoo na sukari, nikaenda kuomba msamaha. Nilimkuta mtani wangu amekaa barazani, mkono umefungwa kwa khanga ya mkewe. Nilisimama mbele yake wima. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na niliyasema yote kwa utaratibu: kwamba nimekosa, kwamba hasira zilinishinda, kwamba naomba radhi yeye na familia yake, kwamba niko tayari kubeba gharama za matibabu.

Nilitegemea mambo mawili: anisamehe au anifukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Uso wake ulikuwa unazidi kuporomoka kadiri nilivyosema, mpaka nilipomaliza alikuwa ananitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa pili.

"Unaniomba radhi?" aliuliza taratibu.

"Naomba radhi."

"Kwani mimi nimekuwa nani kwako? Mgeni? Mkwe?"

"Nimekuumiza."

"Umeniumiza, ndiyo. Halafu unakuja hapa umenyooka kama mlingoti, unaniongelesha kama karani." Akageuza uso. "Chukua jogoo wako. Msalimie shemeji."

Nikarudi nyumbani na jogoo kwapani. Sikuelewa kabisa. Nilikuwa nimefanya kitu pekee nilichojua kuwa ni cha heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa imemuudhi kuliko bega. Nikamweleza mke wangu. Akaweka mikono kichwani.

"Baba watoto! Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi kwa uso mkavu umemwambia utani umekufa. Sasa umemuumiza mara mbili."

"Nifanye nini sasa?"

"Mtukane."

"Na lile bega?"

"Hilo bega ndilo la kutukania."

Nilimtazama nikidhani ananicheka. Hakuwa anacheka. Nilikaa nikijaribu kutunga tusi, mimi niliyewahi kutukana vijana kwa miaka na miaka, na nikagundua kwamba matusi yangu yote yalikuwa ya kutoka juu kwenda chini. La kumrushia mtu mliye sawa naye sikuwa nalo.

Asubuhi nilishuka penye malori. Ukungu ulikuwa bado haujanyanyuka. Lori lilikuwa limeegeshwa, turubai limefunguliwa, rundo la kabichi liko chini, magunia ya karoti yamesimama kwenye mizani. Wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya magunia. Hakuna aliyenitazama. Mtani wangu alikuwa katikati yao, mkono kifuani ndani ya khanga. Nadhani alikuja kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda asubuhi, na hilo nililielewa kuliko jambo lingine lolote. Tajiri alikuwa kwenye kivuli cha lori, simu sikioni, anasema "Linakuja, linakuja," kwa mtu wa Dar es Salaam.

Nikasimama mahali pangu. Akilini nikaona geti, sare ya kijani, kirungu. Nikavuta pumzi, na kwa sauti ile ile, sikuwa na nyingine, nikasema:

"Wewe Mnyamwezi!"

Wote wakageuka. Tajiri akashusha simu.

"Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, hakulalamika! Wewe umevutwa mkono kidogo tu na Mluguru, umejifunga khanga kama mzazi! Umejifungua nini? Tuonyeshe mtoto!"

Nilisema, na papo hapo nikataka ardhi inimeze. Hakuna aliyecheka. Nilisikia maji ya mfereji wa shambani yakitiririka. Niliona kijana mmoja amefumba mdomo kwa kiganja. Mtani wangu aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, yule mtu mkubwa, na kwa muda niliamini nimemliza.

Aliponyanyua uso, machozi yalikuwepo kweli.

"Nimejifungua Mluguru," alisema, akipapasa khanga. "Mdogo, mweusi, anapiga kelele. Nimempa jina lako, mwanangu. Njoo unyonye!"

Kicheko kilichofuata kiliwatoa ndege kwenye migomba. Mmoja alianguka kutoka juu ya gunia. Tajiri mwenyewe alishika bodi ya lori asianguke.

"Na shikamoo yangu iko wapi?" mtani alipiga kelele juu ya kicheko.

"Shikamoo," nikasema.

"Kwa sauti! Si una sauti wewe? Tulikuwa tunaisikia mpaka kaburini!"

"SHIKAMOO!"

"Marahaba, mtumwa wangu. Sasa bega langu liko kwako. Umelichukua, lifanyie kazi. Beba zamu yangu."

Nikavua koti. Nikainama mbele ya gunia la karoti, wakaniinulia, na uzito wake ulinishukia kwa namna ambayo hakuna mkoba wa jeshi uliowahi kunishukia. Nilitembea kutoka kwenye mizani mpaka kwenye lori kama mtu anayejifunza kutembea. Mtani alikuwa kando yangu njia nzima, akiniamuru. "Kushoto, kulia, kushoto! Huyu nani alimfundisha kutembea? Rudi, anza upya!" Wengine wakaingia kwenye mstari. Lori liliondoka likiwa limechelewa kidogo. Tajiri aliangalia jua, akaniangalia mimi nilivyokuwa nimejaa matope na majani ya kabichi, akasema, "Kesho uje mapema," akapanda mbele kwa dereva.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya uraia. Niliifanya mpaka magoti yalipokataa. Wiki zile za bega nilikuwa msimamizi na mbebaji kwa pamoja, na hata lilipopona niliendelea kubeba, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Kwa mkubwa wangu wa getini nilishuka kumwambia kwamba nafasi ampe mwingine. Aliniuliza napata wapi matope yale kwenye viatu. Nikamwambia nabeba karoti na kutukanwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Una bahati," na sijui hadi leo alikuwa anamaanisha nini.

Bega lile halikurudi sawasawa. Mkono wa mtani wangu hupanda mpaka usawa wa sikio, hapo hukwama. Kila tulipokutana alinipigia saluti iliyoishia nusu, akasema, "Nakupa nusu, maana ulikuwa nusu sajenti." Watu walicheka. Mimi nilicheka. Na kila mara nilitafuta machoni mwake kama mle ndani kuna kitu kingine, na kila mara niliona utani tu, au niliona utani kwa sababu ndiyo nguo pekee aliyokubali kuvaa mbele yangu.

Sasa amehamia Kisaki kwa binti yake, karibu na reli. Mimi nimezeeka, nakaa barazani kwenye ardhi ya wenyewe, na mara nyingine asubuhi nampigia simu. Kuna swali moja ninalo tangu siku ile, nalo ni fupi: uliwahi kunisamehe? Nimelibeba kuliko nilivyobeba gunia lolote. Lakini nikiliuliza kwa uso mkavu nitakuwa nimemuumiza mara ya tatu, na nikiliuliza kwa mzaha atanijibu kwa mzaha, nami nitakuwa palepale nilipo.

Juzi nilikuwa nimeamua kuliuliza liwalo na liwe. Simu ikapokelewa, nikasikia treni inapita nyuma yake.

"Nani?" aliuliza, ingawa anajua.

Nikafungua mdomo. Sauti niliyokuwa nayo zamani imebaki uzi tu.

"Shikamoo," nikasema. "Bega linasemaje?"

"Linakutukana," akasema. "Subiri treni ipite, nikueleze linavyosema."

Nikasubiri.